Kichina cha Uongo Kilichovunja Posa ya Mdogo Wangu

Sijui Kichina. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili nisipate pa kukwepea baadaye. Sikijui, sikupata kukijua, na kwa kujifanya nakijua nimemharibia maisha mtu aliyenipenda kuliko nilivyostahili.

Jina langu sitalitaja. Watu wa kwetu Mafia wakisoma hapa watanijua tu, na wacheke! Wao nao wana lao, nitalisema.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka bara, nilikofanya kibarua kwa Wachina waliokuwa wakijenga reli. Msidhani nilishika chuma. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji ya chai. Katika kuchemsha maji nikaokota maneno ya kuhesabu kwa vidole: chai, wali, haraka, hapana, habari. Nikarudi kijijini na kofia na viatu vya raba, watu wakaniuliza kama nimeijua lugha yao. Nikajibu, "Kidogo tu," kwa ile sauti ya mtu anayejua sana ila hapendi makuu. Lo! Uongo ule nilivyoupenda!

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu Saumu ameposwa. Na ameposwa na nani? Na Bakari, mvuvi wa dago!

Kwa wasiojua, watu wa dago ni wavuvi wa wilaya nyingine wanaokuja kwa msimu na kupiga kambi. Bakari kwao Kilwa. Kambi yao ilikuwa Shungimbili, kijisiwa cha mchanga mtupu kisicho na kisima, kwa hiyo maji walikuja kuchota kwetu. Katika kuchota maji ndiyo akamwona Saumu. Alikuwa mtu wa kusaidia kila mtu. Mara kaezeka paa la chuo cha Kurani, mara kamletea bibi fulani changu wawili bila kuombwa. Ukimshukuru anasema, "Mie wenu, nitumeni." Kila saa, mie wenu, nitumeni! Kila mtu alimpenda, na mimi nikamdharau kwa sababu hiyohiyo.

Mimi nilimtaka shemeji mwenye baiskeli. Kulikuwa na karani mmoja wa Kilindoni, ana kalamu mfukoni na saa mkononi, naye alikuwa ameniahidi kazi ya ghalani. Nilishamdokeza kwamba nina mdogo wangu. Sasa nitamwambia nini, kwamba ameolewa na mtu anayelala juu ya mchanga na kunuka samaki wa ng'onda, wale wakavu? Lakini baba alikwishaipokea posa, na harusi ilipangwa baada ya mfungo.

Hapo ndipo alipofika Bwana Sinema.

Alikuwa mtu wa serikali, na sisi tulimwita hivyo tu. Kila akija na mashine yake na jenereta lake, alituonyesha namna ya kuchimba choo, namna ya kupalilia minazi, namna ya kumwosha mtoto. Ikiisha, mwenyekiti wetu wa kijiji anasimama mbele ya lile shuka jeupe na kuuliza, "Ndugu wananchi, tumejifunza nini?" Na watu wanajibu. Usipojibu unaonekana ulikuwa umelala. Ndiyo ilikuwa desturi.

Safari ile alileta sinema ya Wachina, ya zamani za wafalme wao. Ilikuwa ndefu, mikanda chungu nzima, akasema ataionyesha kwa siku tatu. Maneno yote Kichina. Alichokijua yeye ni kwamba kuna binti analipa kisasi cha baba yake. Akauliza kama kijijini yupo anayejua lugha hiyo.

Kijiji kizima kikageuka kuniangalia. Hapo ningesema hapana, mambo yangeisha. Nikasimama, nikapokea kipaza sauti.

Sasa niwaambieni ukweli kuhusu sinema ile, kwa sababu watu waliisifu mpaka wakaniudhi: ilikuwa upuuzi! Jemadari anauawa na waziri, nyumba nzima inachinjwa, binti anapona kwa kuwa alikwenda kuchuma maua. Maua! Halafu binti huyo anafunga nywele juu, anavaa kanzu ya kiume, na papo hapo hakuna mtu katika ufalme mzima anayejua kuwa ni mwanamke. Nyusi zimechorwa, midomo imepakwa rangi, matundu ya hereni haya hapa, na waziri anamwita kijana wangu. Huku kwetu hata mbuzi jike hatumkosei!

Basi anaajiriwa kwa waziri, anamwandalia chai kila siku. Kila siku! Kama ni sumu, si angetia siku ya kwanza twende zetu tukalale? Wapi! Anangoja, anapiga kinanda, anatazama mwezi. Akitaka kusema siri yake, anaisema kwa sauti kubwa, na nyuma ya pazia yupo mtu. Kila pazia la nchi ile lina mtu. Na wanaokufa ndio wasemaji kuliko wazima. Mtu ana mkuki tumboni na anahutubia!

Na watu wetu walivyoishiriki! Bi Tatu, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya kuita mashua, alikaa mbele ya wanawake akimgombeza binti: "We mwanangu, ana nini huyo waziri, mmwagie hiyo chai usoni!" Waziri akitokea, wanamzomea. Shangazi yangu alimwombea binti dua. Baba, mtu mwenye heshima zake, alipoona watu wanaruka juu ya mapaa akanigeukia kwa upole, "Wachina wanaruka hivi?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nimewaona kwa macho yangu."

Niliwadharau wote, mpaka baba yangu. Nilitunga kila neno. Waziri akikohoa, mimi nasema, "Leteni mahabusu!" Binti akilia, mimi namtungia maombolezo. Nilipoona wanafuta machozi kwa maneno niliyoyatoa kichwani mwangu, nilijiona mfalme wa kijiji kile.

Mwenyekiti akauliza tumejifunza nini. Bi Tatu akajibu, "Tusingoje! Adui akija kunywa chai, tummalize!" Watu wakacheka.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Saumu akanisogelea.

"Kaka, yule waziri kafumbua mdomo mara moja, nawe ukatoa khutba nzima. Kichina kina mkato hivyo?"

"Nyamaza we!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya, nimenyamaza. Ila kesho mpunguzie, watashtuka."

Alijua! Tangu siku ya kwanza alijua, akaniwekea siri yangu. Wengine wote hawakujua kitu.

Siku ya pili akatokea mtu mpya kwenye sinema. Alikuwa na baka jeusi shavuni, mgeni, nguo zimechakaa, anapokelewa katika nyumba ya mjomba aliyemficha yule binti. Anachota maji, anapasua kuni, anacheka uso mzima. Alikuwa nani hasa? Sikujua. Nilichokiona mimi ni Bakari mtupu.

Nikaweka kipaza sauti mdomoni, na yule mwenye baka alipoinama kupokea ndoo, nikasema kwa sauti ya Bakari, na lafudhi yake ya Kilwa, "Mie wenu, nitumeni!"

Jamani! Watu walianguka kwa kicheko. Bakari alikuwa nyuma na wenzake wa dago, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Ningeishia hapo lingekuwa utani, na utani hauna kosa. Sikuishia hapo. Yule mtu alipobaki peke yake uani, anatazama lango, nikamtilia maneno ya chinichini: "Wameniamini. Nikishamwoa binti yao, ghala lao langu, na funguo za lango zangu."

Kicheko kikakatika. Nikasikia watu wakigeuza shingo kutazama nyuma, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukafurahi.

Lazima mjue kwamba majuma machache kabla ya hapo jarife la kijiji, wavu mkubwa wa papa tulioununua kwa jasho la wote, lilikuwa limepotea. Watu wa dago walikwishaanza kunong'onwa. Mimi nililijua hilo vizuri sana.

Siku ya tatu maadui wanaivamia ile nyumba usiku. Kwenye shuka unaonekana mkono tu ukifungua komeo la lango. Mkono wa nani? Hata Mchina mwenyewe labda hakujua. Mimi nikapaza sauti, "Ni yeye! Mgeni waliyempokea, wakamlisha, wakataka kumwoza binti yao! Amewauza!"

Watu wakaguna kama mtu mmoja.

Kumbe sinema haikuwa upande wangu. Mara yule mwenye baka akaja mbio, akajitupa mbele ya binti, mkuki uliorushwa kwa binti ukamwingia yeye. Akaanguka. Binti akamweka kichwa mapajani. Na kama kawaida yao, akaanza kusema, akasema, akasema, na binti analia machozi ya kweli.

Bi Tatu akauliza, "Mbona amemkinga?"

Mtu mwenye haya angekiweka chini kipaza sauti. Mimi nikasema, "Hakumkinga! Amejikwaa akikimbia! Sasa anatubu. Anasema, nilikuja kwenu kuwaibia, na wenzangu ni wezi kama mimi."

Na wakaamini! Macho yao yameona mtu amekufa kwa ajili ya mwenzake, masikio yao yamesikia upuuzi wangu, wakachagua upuuzi. Nilikuwa nawadharau tangu mwanzo, lakini hapo walinishangaza. Upande wa wanawake mtu mmoja tu alikuwa akimlilia yule mwenye baka. Ilikuwa sauti ya Saumu.

Mwenyekiti akasimama. "Ndugu wananchi, tumejifunza nini?"

"Tusiozeshe watu wa dago!" akasema mmoja. Makofi!

"Na jarife letu liko wapi?" akasema mwingine.

Bakari akasimama kule nyuma. "Jamani, hiyo ni sinema. Hao Wachina."

"Kaa chini, Mwenye Baka!" wakamzomea. Uso wake ulikuwa safi, hata kovu hakuwa nalo, na tangu siku ile jina lake likawa hilo.

Baba hakuzomea. Alikunja mkeka wake taratibu, akaniambia, "Serikali haiwezi kutuletea kitu kutoka mbali kote huko ili tucheke tu. Inatufunza." Maskini baba. Vyoo alivifunzwa na sinema, kuosha watoto alifunzwa na sinema. Kwa nini aidhanie uongo safari hii?

Asubuhi Saumu alinifuata jikoni. Macho yamemvimba.

"Kaka, nenda kwa baba ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hukijui Kichina."

"Kamwambie wewe basi, si unajua kila kitu!"

"Nikisema mie ataona namtetea mchumba wangu. Ukisema wewe mwenyewe ndo ataamini." Akanishika mkono. "Mie nilidhani unatuchekesha. Ningejua una lako moyoni, ningesimama siku ya kwanza."

"Utanishukuru," nikamwambia. "Utapata mume, si mtu wa mchangani." Nikavaa kofia yangu nikaenda kunywa kahawa barazani, ambako kila mtu alikuwa akiniita Mchina na hakuna aliyeniacha nilipe.

Mchana wa siku ile baba akairudisha posa.

Na kamati ikaamua watu wa dago wasichote tena maji kisimani kwetu. Hiyo maana yake ni kuwafukuza, sababu huwezi kukaa Shungimbili bila maji. Bakari alikuja mara ya mwisho na madumu yake matupu, akakuta vijana wameketi kisimani. Hakugombana nao. Aliponiona mimi, akanijia.

"Shikamoo, shemeji," akasema, ingawa posa ilikwisharudi na kwa umri tulikuwa rika moja. "Wewe ndiye unayeijua lugha yao. Nambie kweli. Yule bwana kasema vile?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli! Alifikiri labda huko China aliwahi kuwapo mtu mbaya aliyefanana naye, na mimi nimelazimika tu kulisema. Nilipewa mlango wa mwisho pale, wazi kabisa.

"Kasema," nikajibu.

"Basi," akasema. Akabeba madumu yake akarudi chomboni.

Jarife lilipatikana baadaye. Lilifukiwa nyuma ya nyumba ya mtu wa hapahapa, tena mjumbe wa kamati. Watu kijijini walikohoa kidogo, wakabadilisha mazungumzo. Hakuna aliyesema tupeleke hata salamu Kilwa.

Saumu aliolewa na karani. Baiskeli ile ilimpeleka karani kila alikotaka, na kwake kwa nadra. Alimfungia ndani Kilindoni, hatoki hata msibani bila ugomvi, na mshahara ukaliwa kwingine. Kazi ya ghalani sikupewa. Nilipomkumbusha aliniuliza mimi nani.

Mwaka uliofuata Bwana Sinema akarudi, na sinema ileile. Safari hii alikuja na kijana aliyesoma hukohuko China, mpole, miwani machoni. Watu wakapiga kelele, "Mchina wetu yupo!" Kijana akanipa mkono akanisemesha Kichina, kwa heshima kabisa. Nikajibu, "Chai, chai." Akanitazama kidogo, akanionea haya, akakishika kipaza sauti mwenyewe.

Nilikaa pale nikaisikia sinema yangu kwa mara ya kwanza. Yule mwenye baka alikuwa mchumba wa binti tangu utotoni. Alimtafuta nchi nzima, akajifanya mchota maji ili awe karibu naye na kumlinda. Lango lilifunguliwa na mjomba, ndugu wa damu. Na alipolala pale na mkuki, alisema, "Sikuja kuchukua kitu. Nilikuja kwa sababu wewe uko hapa, basi hapa ndiyo kwetu."

Nilingoja wanirukie. Nilitaka wanirukie! Unajua Bi Tatu alisema nini? Alinigeukia akacheka, "Lo, we mwanangu, kumbe ulitudanganya! Lakini ile yako ilikuwa tamu zaidi." Na watu wakaangua kicheko, wakakubaliana naye. Ndiyo hesabu ya Bakari ilivyofungwa katika kijiji chetu.

Baba hakucheka. Aliinuka kabla haijaisha. Asubuhi nilipomwambia shikamoo, alinitazama, akaendelea kusuka kamba yake. Hakusema marahaba. Hajasema mpaka leo, na kila asubuhi naendelea kumwamkia.

Juma lile baba akapanda chombo, mzee yule, akaenda mpaka Kilwa kumwomba Bakari radhi. Bakari alimpokea vizuri, akamlaza kitandani kwake. Alikuwa ameoa, ana mtoto.

Mimi nikaenda Kilindoni kwa Saumu. Karani hayupo, kama kawaida. Saumu alikuwa anasuka ukili, amekonda, akanikaribisha mkekani kwa adabu zote. Nikalia mbele yake. Nikamwambia kila kitu, nikamwambia sinema imerudi, nikamwambia yule uliyemlilia peke yako, ulikuwa sawa kumlilia. Nikamsomea yale maneno yake ya mwisho, neno kwa neno kama alivyoyasema yule kijana. Mara ya kwanza maishani mwangu natafsiri ukweli!

Saumu alisikiliza, mikono imetulia juu ya ukili.

"Mazuri," akasema. "Lakini hayo nayo umeyatunga."

"Wallahi, Saumu, safari hii sikutunga!"

"Utajuaje kaka mwongo akisema kweli?" Akashika tena ukili wake. "Nenda, mume wangu akikukuta hapa itakuwa maneno."

Nikaondoka. Ndiyo zawadi niliyonayo: nina neno moja la kweli la kumpa, na hawezi kulipokea kutoka kwangu.

Ninyi mnaopenda kusifiwa kwa msichokijua, nawaonya, ingawa nawajua, hamtasikia, mimi nisingesikia. Lakini hasa nawasihi wale wenye moyo wa Saumu. Ukimjua ndugu yako ni mwongo, usimfichie kwa mapenzi! Simama siku ya kwanza, mbele ya watu wote, umwaibishe. Atalia, atakununia, atapona. Mimi niliachwa na heshima yangu, na tazameni nilichokifanya nayo.